KUKATA NA KUUNGA PAIPU ZA WAYA



Wako wenzetu wengi ambao wakishatoka zamu hushika kazi nyingine nyumbani: pikapu kuukuu iliyonunuliwa na watu watatu kwa kuchangiana, au Land Rover iliyolala chini ya mwembe ikifufuliwa kidogo kidogo kila mshahara unapotoka. Magari ya namna hii husumbua sana kwenye paipu. Mpira umekauka, umepasuka, na petroli yadondokea ekzosi yenye moto. Kwa hiyo somo letu safari hii ni juu ya paipu ya mpira iliyovikwa wavu wa nyuzi za chuma kisichoshika kutu. Hapa tutaiita paipu ya waya.

Kwanza tuelewane. Wavu wa chuma kazi yake ni kuubana mpira usivimbe wala kupasuka kwa nguvu ya mafuta. Hauzuii kuvuja. Kinachozuia kuvuja ni mpira wa ndani pamoja na kiungo chake. Paipu yaweza kung'aa nje kama sahani mpya, hali ndani mpira umeoza. Tena petroli ya siku hizi katika nchi nyingi huchanganywa na spiriti, na si kila mpira huvumilia spiriti. Unaponunua, sema wazi ni ya petroli, ya dizeli au ya oili.

Paipu hizi na fitingi zake huuzwa kwa namba zilizotokana na ndege za kijeshi za Marekani. Herufi AN ni Army na Navy, yaani jeshi la nchi kavu na jeshi la majini. Kila namba moja ni sehemu moja ya 16 ya inchi: namba 6 ni 3/8, namba 8 ni nusu inchi. Hicho ni kipimo cha nje cha bomba la chuma linalolingana nayo, si cha tundu la paipu, basi usishangae rula ikibishana na namba. Angalia zaidi mdomo wa fitingi. Wa AN umechongwa kwa pembe ya digrii 37, lakini fitingi nyingine za magari zina digrii 45. Katika saizi kadhaa nati zake hushikana vizuri kabisa, mtu akadhani amemaliza, kumbe midomo haikukaa sawa, na mafuta hupita hapo.

KUKATA

Pima paipu garini penyewe, na uache ulegevu. Injini hutikisika, na paipu yenyewe ikijaa nguvu yaweza kufupika. Iliyonyooshwa kama kamba ya kuanikia nguo itajichomoa.

Funga utepe kwa nguvu mahali pa kukata, mizunguko mitatu au minne, kisha kata katikati ya utepe. Bila utepe, nyuzi hufumuka kama ncha ya kamba ya katani, na hazirudi tena. Tumia msumeno wa chuma wenye meno madogo, 32 kwa inchi moja, au diski nyembamba ya kukatia. Koleo halifai, kwa sababu huponda. Usiibane paipu katika jiliwa peke yake. Iweke kati ya vipande viwili vya mbao vilivyotobolewa nusu duara. Na mkato uwe mraba, usiende mshazari.

Vaa glavu na miwani. Nyuzi hizi ni nyembamba kuliko sindano, nazo huchoma na kukatikia ndani ya kidole. Kuna mafundi wanaoona glavu ni uoga. Sisi twaona kidole kilichovimba hakishiki spana kesho yake.

Ukishakata, safisha ndani. Unga wa mpira na chuma uliobaki utasafiri hadi kwenye kabureta au kwenye beringi za injini. Osha kwa maji ya sabuni, puliza kwa upepo, acha ikauke kabisa.

KUUNGA

Fitingi ya kuunga kwa mkono ina sehemu mbili: soketi, ambayo huvaa paipu kwa nje, na nipeli, ambayo huingia ndani na kuubana mpira dhidi ya soketi. Toa utepe, kata nyuzi zilizochomoza, kisha sukuma paipu ndani ya soketi huku ukiizungusha kidogo, mpaka ifike chini ya hesi zilizomo. Isifike penye hesi.

Sasa fanya jambo ambalo wengi huliruka: weka alama ya rangi au utepe juu ya paipu, pale inapoingilia soketi. Bana soketi katika jiliwa lenye mataya ya alumini. Paka oili kwenye nipeli, kwenye hesi na ndani ya paipu. Anza kwa mkono, halafu spana, mpaka ibaki nafasi ya kama milimita 1 kati ya nipeli na soketi. Sasa itazame ile alama. Nipeli inapoingia huisukuma paipu nyuma. Alama ikiwa imeondoka kwa zaidi ya milimita moja na nusu, fungua, uanze upya, hata kama kiungo kinaonekana kizuri. Paipu iliyorudi nyuma imeshikwa nusu, na itachomoka siku injini ipo moto.

Paipu ya petroli ya gari la kabureta twaweza kuijaribu nyumbani: ziba ncha moja, tia upepo wa pampu ya gurudumu kiasi cha paundi 20, na paipu yote izame ndani ya ndoo ya maji. Povu likitoka, kiungo hakifai. Magari yenye injeksheni ya petroli hutumia paundi 40 na zaidi. Hizo zipelekwe karakana yenye mashine ya kupimia.

Unapoifunga garini, ivike mpira kila inapogusa kitu. Wavu wa chuma ni kama tupa: hula waya za umeme, bomba la alumini, hata paipu jirani.

ZISIZO ZA KUUNGWA NYUMBANI

Paipu ya breki, hapana. Mguu ukikanyaga kwa nguvu, mafuta ya breki yaweza kupita paundi 1,000, na paipu zake hutengenezwa na kupimwa kiwandani. Nunua iliyokamilika.

Vilevile paipu za haidroliki za trekta, ambazo fitingi zake hubanwa kwa mashine. Wenzetu wa mashambani wasitafute tundu kwa kupapasa kwa mkono. Tumia kipande cha katoni, injini ikiwa inanguruma. Mafuta yenye nguvu ile hupenya ngozi, na kidonda huonekana kama umechomwa na mwiba, bila maumivu makubwa saa za mwanzo. Ndani nyama inakufa. Aliyepatwa aende hospitali saa ile ile, asingoje mwisho wa zamu, na amwambie daktari kwamba ni mafuta yaliyoingia kwa nguvu ya pampu, kwa maana huenda akahitaji kupasuliwa siku hiyo hiyo.