Kuonja Shiraz Iliyochanganywa, na Nyama ya Kuandamana Nayo

Shiraz ni zabibu nyeusi ya bonde la mto Rhône, Ufaransa, ambako huitwa Syrah. Siku hizi hulimwa hata Naivasha, na kutoka huko kuna mvinyo wa Leleshwa. Inapochanganywa, zabibu ya pili hubadili mambo: Cabernet Sauvignon huongeza ukakasi, Cinsault au Grenache huupunguza. Kwa hiyo soma kibandiko kabla ya kulipa, na uangalie stempu ya ushuru ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA). Si tahadhari ya bure: Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua watu Embu na kaunti nyingine kadhaa. Chupa isiyo na stempu iache dukani.

Mvinyo huu hupendeza ukiwa nyuzi 16 hadi 18. Mjini Meru, mwezi wa Julai, chupa iliyokaa kabatini iko tayari. Siakago au Kiritiri, kwenye joto la Mbeere, itie kwenye friji nusu saa, la sivyo pombe yake, ambayo mara nyingi hukaribia asilimia 14, itakuziba pua.

Jaza theluthi ya glasi tu. Izungushe, kisha unuse: zambarau zilizoiva, moshi kidogo, halafu pilipili manga. Hakuna aliyetia pilipili humo. Ganda la zabibu lina kemikali ya rotundoni, ileile inayoipa pilipili manga harufu yake, na wapo watu ambao pua zao haziipati kabisa, msibishane mezani. Piga funda dogo, ulizungushe mdomoni. Ukakasi unaokamata ufizi, kama wa ndizi mbichi, ni tanini.

Tanini hiyo inataka nyama. Tafuna ubavu wa mbuzi choma wenye mafuta na chumvi, kisha onja tena: ukakasi umelegea na tunda limejitokeza. Kwangu mimi hakuna mlo unaozishinda mbavu hizo, ingawa mutura unakaribia. Mukimo peke yake ni mpole mno. Uandamanishe na nyama, au na njahi zilizokaangwa kwa vitunguu vingi, na uchague mchanganyiko wenye Cinsault. Kachumbari isiwe na pilipili kali, kwa kuwa pombe huzidisha muwasho. Samaki wa bwawa la Kamburu mpike siku nyingine: akikutana na mvinyo mwekundu, mdomo hubaki na ladha ya chuma.

Usionje ukiwa na miraa au muguka mdomoni. Uchungu wake hufunika kila kitu, na uchangamfu wake hukuficha kiasi ulicholewa, jambo la hatari hasa kwa anayerudi nyumbani usiku. Dereva na mjamzito wasinywe, na sheria inamkataza aliye chini ya miaka 18.

Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za kadiri. Ikibaki, izibe na uiweke kwenye friji. Baada ya siku tatu, imimine kwenye sufuria ya mchuzi wa mbuzi.