SOMO LA TISA: MIGUU YA MTOTO MDOGO

Mama, labda umeona haya siku ya Jumapili, kwa sababu mtoto wa jirani alifika kanisani na viatu vyeusi vya kung'aa, na wako alikuja miguu mitupu. Usione haya. Mtoto anayejifunza kutembea hana lazima ya viatu nyumbani wala katika kiwanja kilicho safi.

Kwa sababu gani? Shika mguu wa mtoto wako mkononi. Ni mnono na mororo, tena chini yake hauna bonde kama wako. Usiogope. Mguu wa mtu mzima una mifupa 26, lakini ya mtoto haijakomaa, sehemu kubwa ni laini kama sikio lake. Kitu laini hufuata umbo la kitu kinachokibana. Kiatu kigumu ama kifupi hupinda vidole, na mara nyingi mtoto halii, kwa kuwa mifupa yake inakubali kupindwa. Lakini mguu ulio wazi unafanya kazi. Vidole vinashika udongo, wayo unasikia jiwe na utelezi, nyama zinapata nguvu, na lile bonde linajengeka polepole mpaka mtoto afikie miaka kama sita.

Mwaka 1992 waganga wa India waliandika habari za watoto 2,300 waliowatazama nyayo. Kati ya watoto 1,000 waliozoea viatu, 86 walikuwa na wayo bapa. Kati ya 1,000 wasiovaa, 28 tu. Wayo bapa si ugonjwa mkubwa kila mara, wengi hawasikii maumivu. Hata hivyo, hesabu hii inaonyesha kwamba mguu haungoji kiatu ili ukue vizuri.

Basi, kazi ya kwanza ya wazazi ni kutazama udongo ambao mtoto anaukanyaga. Hapa kuna hatari ya kweli.

Kuna minyoo midogo iitwayo ankilostoma, wengine husema safura. Mtu mwenye minyoo hii akijisaidia nyuma ya nyumba ama katika shamba la ndizi, mayai yanabaki katika udongo. Penye kivuli na unyevu yanaanguliwa kwa siku moja ama mbili, na baada ya siku 5 mpaka 10 watoto wa minyoo wanangoja ngozi ya mtu. Hawahitaji kidonda, wanatoboa ngozi nzima. Arthur Looss aligundua jambo hili kule Misri mwaka 1898: maji yenye minyoo yalimwagika mkononi mwake, ngozi ikamwasha, na baadaye akaona mayai katika choo chake mwenyewe. Minyoo hupita katika damu mpaka mapafu, hupanda kooni, humezwa, kisha hukaa tumboni ikinywa damu. Mtoto anakuwa mweupe katika viganja na ndani ya kope, anachoka, hakui. Watu husema amerogwa. Usipoteze siku kwa maneno hayo. Mlete kituo cha afya apimwe, apewe dawa ya minyoo.

Wewe baba utasema, “Basi nimnunulie viatu.” Lakini mtoto mdogo hutambaa, hukaa chini, hushika udongo kwa mikono. Je, utamvika viatu matakoni? Heri fedha ile inunue mbao na misumari ya kufunikia tundu la choo. Chimba choo mbali na kisima, meta 30 ama zaidi, na watu wote wa nyumba wakitumie. Tena kuna desturi mbaya: wengi husema mavi ya mtoto hayana neno, wanayaacha kiwanjani. Sivyo. Yachukue kwa jembe, yatupe chooni, unawe mikono kwa sabuni.

Funza nao ni adui wa miguu. Hawakuwako kwetu zamani. Walitoka Amerika kwa meli, wakafika Ambriz katika Angola mwaka 1872, wakaenea na wasafiri. Hukaa katika vumbi la nyumba. Nyunyiza maji kabla ya kufagia, na tazama vidole vya mtoto kila jioni. Ukimtoa funza, tumia sindano iliyochemshwa, usiiazime kwa mwingine. Pepopunda huingia kwa vidonda vidogo kama hivi, kwa hiyo usikose chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

Viatu vina nafasi yao: njiani penye vipande vya chupa, shambani, chooni, na katika mitaa ya Goma ambako mawe makali ya Nyiragongo yalimwagika mwaka 2002. Kabla ya kwenda sokoni, simamisha mtoto juu ya karatasi, chora mguu wake kwa kaa la moto lililozimika, ukate ile picha. Iingize katika kiatu. Ikikunjika, kiache. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole chako, na soli ipindike kwa mkono mmoja. Baada ya miezi mitatu chora tena, kwa maana mguu umekwisha kukua.