Jumatano: Tohara na Hiari ya Mtoto

Soma Mwa. 17:9–14, Mdo. 15:1–11, Gal. 2:3, 5:6. Baada ya Baraza la Yerusalemu, mzazi Mkristo amebaki na sababu gani ya kumtahiri mtoto asiyeumwa?

Ibrahimu aliagizwa kumtahiri kila mtoto wa kiume wa siku nane. Isaka hakuulizwa, agano lilikuwa la Mungu, na amri ilitosha. Lakini mitume walikataa kuwatwika watu wa Mataifa nira hiyo. Tito, Myunani, hakulazimishwa. Timotheo alitahiriwa (Mdo. 16:3), ila kwa ajili ya kazi kati ya Wayahudi, si kwa wokovu, tena hakuwa mtoto. Leo basi mzazi hawezi kusema kwamba Bwana ameagiza. Atatafuta sababu nyingine: afya, au desturi ya ukoo.

Afya ni sababu ya kuheshimiwa. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tohara ya wanaume mahali penye maambukizi mengi ya VVU, nayo iliitwa tohara ya hiari. Mtoto mchanga hana hiari, wala hatari hiyo ya ngono haijamkabili; anaweza kungoja. Wazazi wengi wacha Mungu wameamua vinginevyo, nasi hatuwahukumu. Ila tusiwafundishe kwamba Biblia imewaagiza.

Kwa binti hakuna la kupima. Hakuna fungu linaloagiza ukeketaji, wala hauna faida yoyote kiafya. Tanzania iliufanya kosa kwa wasichana walio chini ya miaka 18 mwaka 1998. Kenya iliupiga marufuku kwa sheria yake ya 2011. Hata hivyo, kwa Wakisii na Wakuria, ambako makanisa yetu ni mengi, likizo ya Desemba bado huwatia wasichana hofu. Siku hizi wengine hukatwa na muuguzi, kwa glavu na ganzi. Mama mmoja aliniuliza darasani kama hiyo si nafuu. Nilimjibu kwamba glavu hazimrudishii mtoto alichonyang'anywa. Alinyamaza, kisha akasema mama mkwe wake amekwisha kupanga siku. Jioni ile, baada ya kufunga Sabato, wazee wawili walimsindikiza nyumbani.

Ikiwa bibi wa mtoto ni shemasi katika kanisa lako, nani atakwenda kuzungumza naye? Na binti huyo atalala nyumbani kwa nani shule zikifungwa?