Chakula, Mazoezi na Mwalimu wa Mbali

Tumfikirie baba mmoja, mkulima wa alizeti katika wilaya ya Iramba, mkoani Singida. Amekwenda hospitali kwa kuwa kiu haimtoki na macho yaona ukungu. Damu yake ikapimwa, naye akaambiwa ana kisukari. Akapewa vidonge na maneno mawili: punguza sukari, fanya mazoezi. Kisha akapanda gari kurudi kwake, na siku ya kumwona tena daktari ni mwezi ujao. Katika siku hizo 30 atakula mara 90 hivi. Ni nani atakayemfundisha?

Jambo hili si la nyumba moja. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2012 kwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kwamba watu 9 hivi katika kila 100 walikuwa na kisukari, na 26 hivi walikuwa na shinikizo kubwa la damu. Waganga hawatoshi kumfuata kila mmoja hadi jikoni kwake. Kwa hiyo mafunzo ya chakula na mazoezi siku hizi hutolewa pia kwa mbali: kwa redio, kwa ujumbe wa simu, kwa mazungumzo na mtaalamu aliye mjini. Twayasifu mafunzo hayo. Lakini yafaa tuulize, ni wakati gani yazaapo matunda, na ni wakati gani yapoteapo hewani?

Jibu tunalo katika historia yetu wenyewe. Mwaka 1973 nchi nzima iliingia katika mafunzo ya redio yaliyoitwa Mtu ni Afya, ambayo watu wapatao milioni 2 walishiriki. Mwaka 1975 yakafuata mengine, Chakula ni Uhai. Mwalimu alikuwa mbali, haonekani. Lakini wanafunzi hawakusikiliza kila mtu peke yake. Walikusanyika kikundi kikundi, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa. Walisikiliza, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakapatana la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kuchemsha maji. Wiki iliyofuata walikutana tena, na asiyechimba choo chake alijulikana. Redio haikushika jembe hata siku moja. Waliolishika ni majirani waliokwisha kupatana.

Hali kadhalika ujumbe wa simu. Wazazi Nipendeni, iliyoanzishwa mwaka 2012, ilipeleka ujumbe bila malipo kwa mama wajawazito, na hata mume aliweza kujiandikisha apate mafunzo. Hilo lilikuwa jambo la busara, maana katika nyumba nyingi mshika simu siye mshika mwiko. Baba yetu wa Iramba akisoma peke yake kwamba apunguze chumvi, kisha akanyamaza, mchuzi wa jioni utakuja na chumvi ile ile. Basi ujumbe na usomwe kwa sauti, wote wakiwapo, nao wapatane jambo moja kwa wiki moja.

Wapatane nini? Hawana haja ya vyakula vya dukani. Uwele, mtama, kunde, mlenda na majani ya maboga ni vyakula vyema, navyo viko shambani. Ila hata ugali wa uwele huongeza sukari mwilini ukirundikwa. Kwa hiyo nusu ya sahani na iwe mboga. Mafuta ya alizeti ni mazuri, lakini yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe. Chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5 kwa mtu mzima, yaani kijiko kimoja cha chai. Sukari ya chai ipunguzwe kidogo kidogo, nao ulimi utazoea.

Kuhusu mazoezi, Shirika la Afya Duniani lashauri dakika 150 kwa wiki kwa uchache. Mkulima atasema jembe lamtosha. Wakati wa mvua ni kweli. Lakini kiangazi cha Singida ni kirefu, na baada ya mavuno wengi hupanda bodaboda hata kwenda sokoni. Atembee kwa haraka nusu saa, siku 5 za wiki. (Mama achotaye maji mbali kila siku hana haja ya kuambiwa hayo, afadhali mumewe amsaidie ndoo, naye apate mazoezi yake.)

Tena tahadhari. Katika simu hiyo hiyo wamo wauzaji waahidio kuponya kisukari kabisa kwa unga au majani. Mtu akikuambia uache dawa za hospitali, huyo si mwalimu.

Mwalimu wa mbali haioni sahani yako, basi mwonyeshe. Kwa siku 3 andika katika daftari ulichokula, vijiko vya sukari ulivyotia, na dakika ulizotembea. Usiandike ya kumpendeza mtu. Msomee mtaalamu kwa simu, na siku ya kurudi hospitali uende nalo.