SOMO LA TEHAMA: Kwa Nini Barua Pepe ya Tangazo Haikufikii?

Ndugu mwananchi wa Kashai, tangazo la mikopo ya asilimia 10 kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu likikupita, kikundi chako hukosa nafasi. Hivyo ni vema kufahamu namna barua pepe ya watu wengi inavyosafiri.

Taasisi huweza kuituma kupitia huduma ya wingu, yaani kompyuta za mbali zinazotumika kwa njia ya intaneti. Kabla ya kuipokea, mtoa huduma wako huhakiki mambo mawili:

1. Utambulisho. Saini ya kidijiti husaidia kuthibitisha kuwa barua imetoka kweli kwenye kikoa cha anwani inayotajwa, yaani sehemu inayofuata alama ya @.

2. Sifa ya mtumaji. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo huwataka watumaji wa barua nyingi kuhakikisha malalamiko hayafikii asilimia 0.3, yaani barua 3 kati ya 1,000. Sifa ikiharibika, hata tangazo halali huangukia kwenye barua taka.

Kwa hiyo, mtumaji hana budi kuondoa anwani mfu katika orodha yake. Nawe andika anwani yako kwa usahihi, kagua barua taka, na usiripoti tangazo halali kuwa taka.

Tahadhari: anwani za taasisi za Serikali kwa kawaida huishia na go.tz, soma anwani yenyewe, si jina tu. Ukiombwa kutanguliza fedha kwa namba ya simu ya mtu binafsi, usitume. Fika kwanza ofisi ya Mtendaji wa Kata ukaulize.