Waraka ni Nusu ya Kuonana

Wahenga walisema, waraka ni nusu ya kuonana. Katika somo hili twataka kueleza jinsi askari walivyopashana habari na jamaa zao katika vita kuu mbili, na mafunzo wanayoweza kupata masheha, walimu na kila mwenye kijana wake jeshini.

Tuanze na vita ya mwaka 1914 hata 1918. Mwaka 1916 Frank Weston, Askofu wa Unguja, alikusanya wapagazi kisiwani, akavuka nao bara yeye mwenyewe, naye amepewa cheo cha meja. Wapagazi ndio waliochukua vyakula na risasi kichwani, kwa kuwa farasi na nyumbu walikufa kwa mbung'o. Katika Afrika Mashariki nzima walikufa makumi ya maelfu, na wengi waliuawa na kuhara na homa kuliko risasi. Walio wengi hawakujua kuandika, na wengine waliandikwa kwa jina moja tu. Basi fikirini: mtu aliyeandikwa “Juma” peke yake, akifa njiani, nani atajua ni Juma wa Makunduchi au Juma wa Mkokotoni? Habari isipofika, mke hajui kama ni mke au ni mjane. Hakai eda wala haolewi. Mirathi haigawanyiki, na mama hajui kama amwombee mwanawe salama au amsomee hitima. Kifo ni msiba mmoja. Kutojua ni msiba wa kila siku.

Katika vita ya pili, ya mwaka 1939 hata 1945, askari wa Keya na vikosi vingine vya Afrika Mashariki walikwenda mbali zaidi: Uhabeshi mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, kisha Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na Burma mwaka 1944. Kila mmoja alikuwa na namba yake ya jeshi. Askari alipoandika barua hakutaja mahali alipo; aliandika namba, jina, kikosi na posta ya jeshi. Afisa aliisoma kwanza, akafuta neno lolote ambalo adui angeweza kulitumia. Ndipo ikasafiri kwa meli, ikafika posta mjini, ikapelekwa shamba, na mara nyingi ikasomwa na mwalimu mbele ya watu wa nyumba.

Wengine waliona kuficha mahali ni ukali usio na maana. Lakini tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Ceylon, ilipigwa karibu na visiwa vya Maldives na manowari ya Kijapani iendayo chini ya maji. Ilizama kwa muda wa dakika chache, wakafa watu zaidi ya 1,200, wakiwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Hapana aliyepata nafasi ya kuandika neno la mwisho. Kilichoweza kuwaambia jamaa ukweli ni orodha: jina kamili, namba, na kijiji cha mtu.

Sasa mafunzo yenyewe. Kwanza, jina la askari liandikwe pamoja na la baba na la babu, na namba yake ihifadhiwe nyumbani katika kasha lenye hati za shamba, wala isiachwe kichwani mwa mtu mmoja.

Pili, anayemwandikia mama asiyejua kuandika asijaze ukurasa kwa salamu za kawaida tu. Aandike maneno ya mama mwenyewe: “Nyumba tumeiezeka makuti mapya kwa fedha ulizoleta. Mwanao amemaliza juzuu ya Amma. Mbuzi wako amezaa wawili.” Mambo hayo madogo ndiyo yanayomwonyesha askari kwamba mahali pake bado papo. Na aisomaye barua asiongeze wala asipunguze, na siri ya nyumba isitoke barazani.

Tatu, habari mbaya isifichwe, bali iandikwe kwa utaratibu, pamoja na yale yaliyokwisha kufanywa. Askari akiambiwa mtoto anaumwa, aambiwe pia nani amempeleka hospitali.

Siku hizi simu imechukua mahali pa waraka, lakini mafunzo ni yale yale. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani huko Semuliki, katika Kongo ya mashariki, ilishambuliwa, wakauawa askari wa Tanzania wasiopungua 14. Barua ya zamani ilikawia miezi. Habari ya simu hukimbia kuliko mjumbe aliyetumwa kwa wafiwa. Kwa hiyo twawasihi wasomaji wetu: msimwulize askari yuko wapi na atakwenda wapi, wala msitangaze jina la aliyekufa kabla wazazi wake hawajaambiwa na wenye amri. Sheha aende kwa miguu yake, pamoja na mtu mzima wa ukoo, akae kitako, aseme. Mama hastahili kupata habari ya mwanawe kutoka kwa jirani aliyeshika simu mkononi.