Unapenda muziki wa kantri? Namna ya kuujua kwa karibu, nyumbani na ugenini

Nyimbo za Jim Reeves, Dolly Parton, Kenny Rogers na Don Williams zimesikika miaka mingi katika redio za Kenya, na wapo wazee kwa vijana waliozihifadhi neno kwa neno. Hata hivyo wengi wao hawajawahi kukaa mbele ya mtu anayeupiga muziki huo kwa mikono yake. Kantri ilizaliwa vibarazani, makanisani na kwenye dansi za vijiji vya kusini mwa Marekani, watu wakiwa wameketi karibu karibu, na mengi yaliyomo ndani yake hayapiti kwenye spika. Ukitaka kuujua muziki huu zaidi ya hapo ulipofika, usogelee. Hatua ya kwanza haikugharimu kitu. Ya mwisho inahitaji pasipoti na akiba ya muda mrefu.

Uanzie wapi? Anza na masikio. Chagua wimbo mmoja unaoupenda, uusikilize mara nne, na kila mara ufuate sauti moja tu. Mara ya kwanza fuata fidla, ile ile inayopigwa katika taarabu ya Unguja. Huko Marekani ilifikishwa kwenye milima ya Appalachia na wahamiaji kutoka Scotland na Ireland. Mara ya pili tafuta banjo, chombo chenye shingo ndefu na tumbo lililowambwa kama ngoma. Asili yake ni Afrika Magharibi: waliotekwa na kuuzwa utumwani walivuka bahari wakiwa na ujuzi wa kuitengeneza, na ndugu yake aitwaye akonting bado hupigwa Senegal na Gambia. Mara ya tatu sikiliza gita linalolia kwa kuvuta sauti. Hilo hulazwa mapajani au husimama juu ya miguu yake lenyewe, na mpigaji hutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi; ufundi huo ulitoka visiwa vya Hawaii. Mwisho mfuate mwimbaji, hasa pale sauti inaporuka ghafla kutoka kifuani kwenda juu kabisa na kurudi. Mruko huo huitwa yodeli.

Yodeli ndiyo iliyompa jina Jimmie Rodgers, mfanyakazi wa reli kutoka Mississippi aliyerekodi kwa mara ya kwanza mwaka 1927 na kufariki kwa kifua kikuu mwaka 1933. Santuri zake zilifika hadi kwa Wakipsigis. Mwaka 1950, huko Kapkatet, mkusanyaji wa muziki wa Afrika aitwaye Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wakimwimba kwa jina la Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu swala. Rekodi hiyo ipo mtandaoni. Itafute, kisha umsikilize Rodgers mwenyewe mara tu baada yake. Kwangu mimi hakuna njia nzuri zaidi ya kuelewa kwamba muziki huu na sisi tumefahamiana zamani.

Je, unaweza kusikia onyesho halisi bila kusafiri? Ndiyo. Grand Ole Opry ni onyesho la redio lenye watu ukumbini, lililoanza Nashville, jimbo la Tennessee, tarehe 28 Novemba 1925, na mpaka leo lipo kila Jumamosi usiku. Kituo cha WSM hulitangaza moja kwa moja, nawe unaweza kulisikiliza kupitia tovuti yake kwa gharama ya bando lako tu. Linaanza saa moja jioni kwa saa za Nashville. Kwetu Afrika Mashariki hiyo ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumapili. Kuanzia Novemba hadi Machi, Wamarekani wanaporudisha saa zao nyuma, inakuwa saa kumi alfajiri. Ni saa ya usingizi, lakini amka walau mara moja. Utamsikia mtangazaji akisoma matangazo ya biashara jukwaani, watu wakicheka, kisha msanii akiingia, akiimba nyimbo mbili tatu na kumpisha mwingine. Hivyo ndivyo mamilioni ya Wamarekani walivyoujua muziki huu kabla ya televisheni.

Kwa onyesho la ana kwa ana, walioko Nairobi wana bahati. Elvis Otieno, maarufu kama Sir Elvis, ameimba kantri jijini kwa miaka mingi, naye Esther Konkara ni miongoni mwa wanawake wanaoiimba. Wasanii hutangaza maonyesho kwenye kurasa zao za mitandao. Wapiga gita wa mugithi, muziki wa Wakikuyu, nao mara nyingi huchanganya nyimbo za kantri ndani ya usiku wao. Piga simu ukumbini kabla ya kwenda, uulize kama kuna kiingilio au unalipia chakula na kinywaji tu. Ukifika, kaa mahali utakapoona mkono wa kulia wa mpiga gita.

Mkono huo ndio somo lako linalofuata, kwa hiyo shika gita mwenyewe hata kama hutarajii kuwa mwanamuziki. Gita la mwanafunzi hupatikana katika maduka ya vyombo vya muziki ya Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Jijini Nairobi weka bajeti ya takriban shilingi 8,000 hadi 12,000 za Kenya. Chagua lenye nyuzi za chuma, si za nailoni, maana mlio wa kantri ni wa chuma. Nyimbo nyingi sana za zamani zinahitaji mibano mitatu tu ya vidole, nayo huitwa G, C na D. Video za bure za kuifundisha zimejaa mtandaoni. Jipe dakika 15 kila siku na uvumilie vidole vinavyouma majuma ya kwanza. Kisha jaribu mtindo wa Maybelle Carter, mmoja wa wapiga gita wa mwanzo wa kantri: dole gumba linapiga wimbo kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kinafagia zile nyembamba. Utashangaa gita moja likisikika kama mawili, na tangu siku hiyo utawasikiliza wapigaji wengine kwa heshima mpya.

Sasa tuje kwenye safari. Kwa mtalii, ombi la viza ya Marekani lina ada ya dola 185, isiyorudishwa hata ukinyimwa. Unajaza fomu iitwayo DS-160 kwenye mtandao na kupangiwa mahojiano ubalozini. Masharti kwa raia wa baadhi ya nchi zetu yamekuwa yakibadilika, hivyo soma tovuti rasmi ya ubalozi kabla ya kulipa chochote, na usimpe dalali fedha kwa ahadi ya viza. Anza miezi mingi mapema. Ukiwa unaishi Marekani tayari, au una ndugu huko, mzigo mkubwa umeshapungua.

Nashville haina treni ya abiria kutoka miji mingine mikubwa. Utafika kwa ndege, basi au gari. Nenda kwanza Ryman, ukumbi uliojengwa mwaka 1892 kwa ajili ya mahubiri na uliokuwa nyumba ya Opry kuanzia 1943 hadi 1974. Viti vyake bado ni mabenchi ya kanisa. Kutembelea mchana ni takriban dola 35 hadi 40. Jumba la Makumbusho la Country Music Hall of Fame ni kama dola 30. Tiketi ya Opry huanzia karibu dola 50. Thibitisha bei kwenye tovuti zao, kwani hupanda wakati wa watalii wengi. Ndani ya makumbusho mtafute DeFord Bailey, mpiga hamonika Mweusi aliyekuwa nyota wa Opry katika miaka yake ya mwanzo. Alifukuzwa mwaka 1941, akajipatia riziki kwa kung'arisha viatu, na akaingizwa kwenye orodha ya heshima mwaka 2005, zaidi ya miaka 20 baada ya kifo chake. Simama hapo kwa muda. Inauma, na ni sehemu ya historia hii.

Baa za mtaa wa Broadway nyingi hazina kiingilio, na muziki huanza asubuhi. Wanamuziki huishi kwa bakshishi, basi ndoo ikipitishwa tia dola 5 au zaidi. Ukiomba wimbo, dola 20 ni kawaida. Beba pasipoti, kwa sababu usiku walio chini ya miaka 21 hawaruhusiwi. Lakini mimi ningekushauri uweke nguvu zako Bluebird Cafe, chumba kidogo chenye viti kama 90 kati ya maduka ya kawaida ya mtaa wa Green Hills, kilichofunguliwa mwaka 1982. Watunzi huketi mviringo katikati ya wageni na kupokezana nyimbo, kila mmoja akieleza alivyoutunga wake. Ni marufuku kuzungumza. Tiketi hununuliwa mtandaoni na huisha haraka, kwa hiyo uwe tayari zinapofunguliwa.

Kama una siku mbili zaidi, kodi gari uelekee mashariki hadi Bristol, takriban kilomita 470, na ukumbuke kwamba saa za huko ziko mbele kwa saa moja. Mpaka wa Tennessee na Virginia unapita katikati ya barabara kuu ya mji. Hapo, mwaka 1927, mtayarishaji wa santuri Ralph Peer alifungua studio ya muda katika ghala la kofia, na ndani ya wiki mbili hivi akawarekodi Jimmie Rodgers na familia ya Carter: A.P., mkewe Sara, na Maybelle, aliyekuwa mjamzito. Makumbusho ya mji yanaeleza kazi hiyo vizuri. Uliza pia habari za Lesley Riddle, mpiga gita Mweusi aliyezunguka vijijini na A.P. kukusanya nyimbo: A.P. aliandika maneno, Riddle akashika mahadhi kichwani.

Panga uwepo Bristol Jumamosi, ili jioni uende Carter Family Fold, kijiji cha Hiltons, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari. Janette, binti wa A.P. na Sara, alianzisha maonyesho hayo mwaka 1974 katika duka la zamani la baba yake. Johnny Cash, aliyemwoa June binti wa Maybelle, aliimba hapo kwa mara ya mwisho mbele ya watu Julai 2003. Pombe hairuhusiwi, vyombo vya umeme havipigwi, na kiingilio hakifiki hata nusu ya tiketi ya Opry. Beba fedha taslimu na sweta, fika kabla ya saa moja jioni upate kiti cha mbele, na vaa viatu vyenye soli ngumu. Wazee na watoto watainuka kucheza kwa kugonga sakafu kwa visigino; mwombe yeyote kati yao akuonyeshe hatua za kwanza.